Rudi na Nywele, Mura

"Vua kofia, mura."

Kijana aliyeambiwa, Mogesi, hakuvua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kifupi, magoti yamebanana, mbele ya wazee saba wa Nyanungu na mbele ya Mzee Heche, baba wa msichana aliyekuja kumposa. Mjomba wake Mniko, msemaji wa posa, alikuwa ndiyo kwanza anaupamba ukoo wao, na alipokatizwa mdomo ulibaki wazi.

"Mzee mwenzangu," Mniko alisema, "tulikuwa kwenye ng'ombe. Hii kofia imeingilia mlango gani?"

"Kwangu hapa mkwe hakai na kofia kama askari wa doria. Avue tumwone."

Mogesi akavua.

Wanawake waliokuwa wakichungulia kutoka jikoni wakasogea waone. Kovu lilianzia utosini, likateremka kisogoni mpaka karibu na sikio la kulia. Lilikuwa na upana wa vidole viwili, limevimba, linang'aa, na halikuwa na unywele hata mmoja.

Sasa, kule kwao kovu la panga husomwa kama barua. Likiwa usoni, huyo ni mwanaume, alisimama. Likiwa kisogoni, huyo alikuwa anakimbia. Na anayekimbia usiku wa ng'ombe kuibiwa, huku panga liko nyuma yake, watu hawaulizi mara mbili. Mogesi alikwisha sema mpaka akachoka kwamba usiku ule wa mwaka sabini na moja, yowe lilipopigwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka nje. Alikimbia akawaacha wenzake mbali, akapigwa kutoka nyuma, hakumwona aliyempiga. Wakamsikiliza, wakaitikia "pole", akigeuka tu wanakonyezana.

"Sikia, kijana," Mzee Heche alisema. "Mimi sina ugomvi na wewe. Siku nywele zitakapoota hapo, rudi umchukue Mokami. Hata iwe kesho. Wazee hawa ni mashahidi."

Wazee wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Kisyeri, muuzaji wa duka la ushirika, ambaye hakuna aliyemwalika, ila naye alikuwa anamtaka Mokami na pua yake hukaa mahali posa ilipo.

"Mwambieni aanze kumwagilia!" Kisyeri alisema.

Mogesi akainuka. Kofia akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nimesikia, mzee. Nitarudi na nywele."

Akapita katikati ya kijiji kichwa wazi, katikati ya zile nyumba za mistari walizohamishiwa mwaka uliopita, jua la saa nane likimulika kovu lake mbele za watu wote.

* * *

Mogesi alikuwa mtunza josho la kijiji. Kila Alhamisi ng'ombe waliogeshwa dawa ya kupe, na Alhamisi ile Mokami alikuja na ng'ombe wa baba yake, fimbo begani, uso umefura.

"Nimeambiwa umemwahidi baba nywele."

"Nimemwahidi."

"Utazitoa wapi? Kwa mbuzi?"

"Swaga ng'ombe, Mokami, foleni inangoja."

"Foleni ingoje! Mimi nina miaka ishirini na mbili. Wenzangu wana watoto wawili wawili. Mogesi, tutoroke. Sirari si mbali. Tukikaa huko mwezi mmoja, tukirudi, baba atapokea ng'ombe tu, atafanya nini?"

"Hapana."

"Unaogopa?"

"Nikikutorosha watasema, si tuliwaambia? Yule ni mwizi, jana ng'ombe, leo binti. Hilo neno sitawapa. Nitakuchukua mchana, kwa mlango wa mbele, na baba yako ndiye atakayefungua."

Mokami alimtazama. Alikuwa mwanamke wa kucheka haraka na kukasirika haraka zaidi, na muda ule hakujua aanze na lipi.

"Wewe ni mbishi kuliko punda," alisema.

"Ndiyo. Punda mwenye upara."

Mokami akacheka bila kupenda. Akaswaga ng'ombe wake wakatumbukia josho mmoja baada ya mwingine, maji ya dawa yakawarukia wote wawili.

* * *

Mwezi uliofuata Mogesi alitumwa Musoma kuchukua mapipa ya dawa. Kwenye lori la kurudi, juu ya magunia, alikaa karibu na mama mmoja mnene, mcheshi, aliyetoa kioo na kimkasi kwenye kikapu. Akaanza kukata nyusi zake. Lori linaruka mashimo, yeye anakata.

"Mama, utajitoboa jicho!"

"Niache, mwanangu. Nisipozikata kila wiki zinafika hapa," akagusa shavu. "Hizi si nyusi. Ni nywele za kichwani."

"Za kichwani zimefikaje hapo?"

"Zimepandwa."

Mogesi akahisi lori limesimama, ingawa lilikuwa linakimbia.

Mama yule aliitwa Philomena. Aliugua ukoma ujanani, akapona kabisa, lakini ugonjwa ulikuwa umemnyonyoa nyusi zote. Kila alipokwenda sokoni watu walimtazama juu ya macho, wakaondoa vikapu vyao.

"Nilipona, lakini uso wangu uliendelea kunisengenya," alisema. "Basi kuna hospitali ya misheni, kupita Issenye. Pale yuko daktari mama wa Kihindi. Huchukua nywele kisogoni, akazihamishia mahali pasipo na kitu. Sasa nina nyusi kuliko wewe. Wewe unauliza kwa nini?"

Mogesi akavua kofia, akamwinamishia kichwa.

Philomena alilitazama kovu kwa muda, kimkasi mkononi.

"Hilo ni shamba kubwa," alisema. "Lakini nimeona kubwa zaidi."

* * *

Daktari alipapasa kovu kwa vidole vilivyonuka spiriti, akasema neno kwa muuguzi Verdiana, na Verdiana akatafsiri.

"Anauliza unataka kwa sababu gani."

"Mwambie nataka kuoa."

Daktari akacheka, akasema tena.

"Anasema hapandi juu ya mwamba. Kovu lako ni gumu na limevimba. Kwanza utachomwa sindano za kulilainisha, mara nne, kila mwezi moja. Likikubali, ndipo apande. Na anakuonya: ngozi kama yetu hupenda kuota kovu juu ya kovu. Pengine utaondoka na baya kuliko hili."

"Achome."

"Hutaki kufikiri?"

"Nimefikiri miaka minne, sista. Achome."

Jamani, ile sindano. Dawa haikutaka kuingia. Verdiana alikishika kichwa kwa mikono miwili, daktari akisukuma kwa nguvu za bega, na Mogesi, aliyesimama kimya jandoni hata kope isitikisike, machozi yalimtoka yenyewe.

"Panga liliuma mara moja," alisema akihema. "Hii inauma kwa hatua."

"Zimebaki tatu," Verdiana akasema.

Akarudi mara tatu. Kovu likalala, likawa laini kama ngozi ya kiganja. Mwezi wa tano wakamlaza kifudifudi mezani. Walimnyoa sehemu ya chini ya kisogo, palipojaa nywele, wakampiga ganzi. Kwa kitobozi cha chuma chenye mdomo mdogo kama punje ya mahindi, daktari alitoa vipande vya ngozi vyenye nywele kumi, vingine kumi na tano, kisha akatoboa kovu na kuvichomeka kimoja kimoja. Maumivu hayakuwepo, ila sauti! Kru, kru, kru, kama mtu anatafuna kiazi kibichi ndani ya sikio lako. Damu ya moto ilimtiririkia shingoni. Verdiana alihesabu kwa sauti mpaka sitini na mbili.

Wakamfunga kitambaa kichwa kizima. Akaambiwa alale ameketi, asijikune, asiiname, aombe Mungu.

"Nisijikune kabisa?"

"Ukijikuna utang'oa miche. Na mbegu nyingine huna."

* * *

Nyanungu habari haina miguu, lakini hufika kabla ya mwenyewe. Kisyeri alikuwa na binamu aliyepakia pamba upande wa Serengeti. Binamu alimwona Mogesi kwenye benchi la hospitali katikati ya watu wenye vidole vilivyokatika. Kufikia Jumapili, dukani, hakuna aliyekuja kununua chumvi akaondoka na chumvi peke yake.

"Mnajua kwa nini anakwenda kule kila mwezi?" Kisyeri alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Ukoma."

"We!"

"Miezi mitano anatibiwa. Na hapa alikuwa anakula na sisi."

Mogesi alikuwa wodini wiki ya tatu barua ilipomfikia, imepitia mikono ya matingo wawili wa lori. Mwandiko wa Mokami ulikuwa wa herufi kubwa, kama mtu anayepiga kelele.

"MOGESI. HAPA WANASEMA UNA UKOMA. BABA AMEVUNJA KIBUYU ULICHOWAHI KUNYWEA. KISYERI ANALETA WAZEE WAKE BAADA YA MAVUNO. KAMA UNAKUFA NIAMBIE. KAMA HUFI PIA NIAMBIE. MIMI MOKAMI BINTI HECHE."

Asubuhi ileile alikuwa ameamka, akakuta nywele kwenye mto. Si moja, si mbili. Alipogusa kovu, nywele zilizopandwa zilimfuata mkononi kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto.

"Sista Verdiana! Sista! Zimekufa!"

Verdiana alikuja mbio, akaangalia, akavuta pumzi.

"Kumbe hilo tu? Hukuambiwa? Wewe hujahamisha mche wa kabichi? Hunyauka majani yote kwanza. Mzizi umebaki ndani."

"Kwa muda gani?"

"Miezi mitatu. Minne. Zikikataa, zimekataa."

"Sina miezi minne! Mavuno ni mwezi ujao!"

Akaketi ukingoni mwa kitanda na kichwa chake kilichonyonyoka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa alijiona mjinga. Alikuwa ametobolewa mara sitini na mbili ili arudi na upara uleule, na ukoma wa kusingiziwa juu yake.

Siku ya nne baada ya barua ile, mlango wa wodi ukapigwa teke.

"Yuko wapi?"

Mokami alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amepanda lori mbili na kutembea nusu siku. Akasimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni.

"Una ukoma au huna?"

"Sina."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la baba yangu Machage. Kama ningekuwa nao?"

"Ningeuliza kitanda changu ni kipi. Usibadilishe habari! Miezi mitano unaniambia unafuata dawa za ng'ombe! Nimesikia kwa Kisyeri, Mogesi. Kwa Kisyeri! Mwanaume anayepima sukari na kidole chake!"

"Nilitaka nirudi na nywele. Nilitaka uone siku moja tu, zimeota."

"Nani alikuomba nywele? Mimi niliomba mume."

"Sikuzipanda kwa ajili yako."

Mokami akashusha mikono kutoka kiunoni.

"Ni kwa ajili ya baba yako," Mogesi alisema. "Alinicheka mbele ya wazee saba. Akaweka sharti akijua haliwezekani. Nataka siku moja ainue macho akose neno. Moja tu."

Philomena, aliyekuwa amekuja kliniki na hakuwa na haraka ya kuondoka penye maneno matamu, akaingilia kutoka dirishani.

"Binti, mwache amalize. Mwanaume akianza kazi kama hii ukamkatiza katikati, atakununia mpaka uzeeni."

"Shikamoo, mama. Wewe ni nani?"

"Marahaba. Mimi ni nyusi."

Mokami alimtazama usoni, akamtazama Mogesi, akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akakaa kitandani na kukichukua kile kichwa mikononi mwake. Alikichunguza tundu kwa tundu, kama anayetafuta kupe.

"Miezi minne?"

"Minne."

"Basi zingoje nywele zako. Kisyeri niachie mimi."

* * *

Alivyomshughulikia Kisyeri, Nyanungu wanasimulia mpaka leo. Siku wazee wake walipokuja, Mokami alitoka mwenyewe na uji, akasalimu kila mmoja shikamoo kwa adabu, halafu akasema:

"Wazee wangu, kabla hamjaanza. Nimetoka kukaa kwenye wodi ya wakoma siku mbili. Nimelala kwenye mashuka yao. Nani anaanza na uji?"

Wazee wakakumbuka kila mmoja ana ng'ombe mgonjwa nyumbani.

Mzee Heche alimfokea binti yake siku tatu. Mama yake, Gati, hakumfokea. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hizo hata hayo machache yalipungua. Alimtazama mumewe tu, akiendelea kupepeta ulezi.

Nywele zikaota. Zilianza kama vumbi jeusi, kisha kama ndevu za kijana, vichaka vichaka vyenye nafasi katikati kama shamba la mtama lililopandwa na mtu mwenye haraka. Kufikia mwezi wa nne baada ya kulazwa mezani, mwaka sabini na sita umeingia, zilifunika kovu. Ukichunguza uliona mistari. Usipochunguza uliona kichwa cha mtu.

Mogesi akamfuata mjomba wake.

"Twende."

Mniko alimzunguka mara mbili.

"Umepandwa kweli! Mbona hawajapanda na akili?"

* * *

Wazee walikuwa walewale saba. Mogesi aliingia bila kofia. Akaketi kwenye kigoda, akageuka taratibu ili kila mtu aone, mbele na nyuma.

Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasimama, akavuta kichaka kimoja kati ya vidole.

"Ni zenyewe! Zina mizizi!"

"Mzee Heche," Mniko alisema, sauti imenenepa kwa raha, "wewe ndiye ulisema. Hawa ndio mashahidi. Nywele hizi hapa."

Mzee Heche alizitazama, mdomo ukacheza, neno halikutoka. Mogesi alikuwa ameisubiri dakika ile karibu mwaka mzima. Ajabu ni kwamba haikuwa tamu kama alivyodhani, kwa sababu uso wa mzee haukuwa wa mtu aliyeshindwa. Ulikuwa wa mtu anayeogopa.

"Basi," mzee mmoja akasema, "neno limekwisha. Leteni chungu."

Chungu cha pombe kikawekwa katikati, mirija mirefu ikachomekwa. Baba mkwe na mkwe hunywa kwanza, chungu kimoja, ndipo mazungumzo ya ng'ombe yafunguliwe. Mogesi akashika mrija. Mzee Heche hakushika wake.

"Sinywi," alisema. "Huyu katoka kwa wakoma."

Mogesi akatoa cheti mfukoni chenye mhuri wa hospitali. Mzee aliyejua kusoma akakisoma kwa sauti mara mbili: mtu huyu hana ukoma, hajawahi kuwa nao.

"Kunywa sasa."

"Sinywi."

"Kwa nini?"

"Tumbo linaniuma. Mpeni mke, mimi sina kiu."

Hapo ndipo Gati akatoka jikoni. Mwanamke haingii kwenye kikao kama kile. Aliingia, akasimama karibu na chungu, mikono ina unga.

"Waambie kwa nini huwezi kunywa naye chungu kimoja."

"Rudi jikoni."

"Miaka minne nimekaa jikoni. Waambie, au niwaambie mimi."

Mogesi akaachia mrija, na wazee wakasogea nyuma kutoka kwenye chungu. Maana wote pale walijua sheria. Aliyemwaga damu ya jirani yake hanywi naye chungu kimoja mpaka atamke kosa mbele za watu, wazee wamtakase kwa kondoo. Akinywa kabla, pombe ile itamvimbisha tumbo na kumuua. Mzee Heche alikuwa mtu wa kanisani Jumapili, lakini hilo hakuthubutu kulijaribu.

Mzee mmoja akauliza polepole, "Heche. Ni wewe?"

Mogesi alihisi kisogo chake chote kimepata baridi, palipopandwa na pasipopandwa.

"Ilikuwa giza," Mzee Heche alisema hatimaye. "Mtu alikuwa mbele yangu, anakimbia. Nikadhani ni wao."

"Ukapiga," Mogesi akasema.

"Nikapiga. Nikamulika tochi. Nikamwona mtoto wa Machage."

"Ukafanya nini?"

Mzee akashika mrija wake, akauachia.

"Ulifanya nini, mzee? Mimi niliokotwa na wachunga ng'ombe alfajiri. Nilikuwa nimekunywa umande kwenye majani. Ulifanya nini uliponiona?"

"Nilikuja nyumbani."

Mokami alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amesikia tangu wapi.

"Tata," alimwita baba yake, "wakakupongeza. Wakakufanya mjumbe wa kijiji kwa kuwa ulirudi na ng'ombe tisa kati ya walioibiwa. Na ukawaacha wamwite mwizi."

Mzee Heche akakishika kichwa. Alipokiinua, alikuwa amekwisha piga hesabu.

"Mogesi, mwanangu. Mchukue Mokami. Sitaki ng'ombe hata mmoja. Tuwaite wazee wa matakaso kesho, humu ndani, kimya kimya, yaishe."

Baadhi ya wazee wakaitikia kwa vichwa, maana kutotaka ng'ombe ni jambo kubwa. Mniko alimkanyaga Mogesi mguu, akubali. Mogesi alimtazama Mokami. Mokami akaingia mpaka mbele ya baba yake, uso umefura.

"Tata, mimi si dawa ya kichwa cha mtu," alisema. "Usinitoe kama kondoo wa kulipia damu."

"Umesikia, mzee," Mogesi akasema. "Simchukui mke kama fidia. Nitaleta ng'ombe ishirini, wote, mchana. Lakini wewe nawe nakuwekea sharti, mbele ya mashahidi walewale. Utasimama kwenye mkutano wa kijiji, useme. Siyo humu ndani. Pale."

"Watanivua ujumbe!"

"Mimi walinivua jina."

"Unataka kuniaibisha mbele ya watoto?"

"Mkutano ni Jumamosi, mzee. Ukitaka, njoo na kofia."

* * *

Jumamosi kijiji kizima kilikuja, hata waliokuwa na homa. Mwenyekiti alisoma mambo ya shamba la kijiji, hakuna aliyesikia. Akafika mwisho.

"Ndugu Heche ana neno."

Mzee Heche alisimama. Akashika nguzo. Alitazama chini, na Mogesi, aliyekaa mbele, aliamini mzee atakaa tena. Mokami, upande wa wanawake, alikuwa amebana kanga yake mdomoni.

"Wananchi," mzee alisema. "Mwaka sabini na moja, usiku wa ng'ombe, nilimkata Mogesi wa Machage. Yeye alikuwa anafukuza wezi. Nilipomjua nilimwacha kwenye majani. Mmekuwa mkisema kovu lake ni la mtu aliyekimbia."

Akaiachia nguzo.

"Aliyekimbia usiku ule ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi wala aliyezomea. Mama mmoja mzee, nyuma kabisa, alisema tu "Yowee," polepole, kama anayeshusha mzigo kichwani. Kisyeri alianza kusema kwamba yeye siku zote alikuwa na mashaka. Mke wa mwenyekiti akamwambia afunge mdomo akafungue duka.

Kondoo akachinjwa. Wazee wakamtakasa. Jioni ile Mzee Heche alishika mrija wake, Mogesi wake, wakanywa bila kutazamana. Tumbo la mzee halikuvimba.

Njiani kurudi, Mniko aliuliza, "Sasa jina umelipata. Hizo nywele za nini tena? Si uzinyoe tu?"

"Nizinyoe? Mjomba, nimezililia sindano nne na matundu sitini na mbili. Zinabaki."

* * *

Ng'ombe walipelekwa Jumanne, saa nne asubuhi, kwa njia kuu ya kijiji. Waliokuwa wakimkonyeza Mogesi walilazimika kusogeza baiskeli zao na mabenchi yao ili mifugo ipite. Hakuwaharakisha.

Kwao, ng'ombe wa mahari hukaguliwa. Baba wa binti na ndugu zake huzunguka kila mmoja, hushika mkia, hufungua mdomo, hugomba, hukataa wawili watatu, na upande wa mume hugomba nao mpaka makoo yakauke. Binti ambaye ng'ombe wake hawakugombewa, wanawake huulizana alikuwa na ila gani hata atolewe upesi hivyo.

Mzee Heche alisimama langoni, ameinama. Alikwisha jivua ujumbe mwenyewe kabla ya kuvuliwa. Akawatupia ng'ombe ishirini jicho mara moja tu.

"Wote wazuri," alisema kwa sauti ndogo. "Waingizeni."

Mniko akachanganyikiwa. Alikuwa amekuja na majibu ya mwaka mzima.

"Wote? Hata hujawagusa!"

"Wazuri, wazuri. Nani mimi wa kukataa?"

"Tata!"

Mokami alitoka nyumbani, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, wasukaji wakimfuata kwa nyuma. Alifika mpaka mbele ya baba yake.

"Wakague."

"Mwanangu, mimi sina uso wa..."

"Uso utautafuta kesho! Leo mimi naolewa! Unataka waseme nilitolewa kwa aibu yako? Wakague kama unavyokagua wa watu wengine. Shika mikia! Fungua midomo! Gomba!"

Mzee Heche alimtazama binti yake. Kisha akamtazama Mogesi, moja kwa moja machoni, kwa mara ya kwanza.

Mogesi akainua kidevu kuelekea kundi. "Kagua, mzee. Siogopi kukaguliwa."

Mzee akaingia katikati ya ng'ombe. Mwanzo aliwagusa kama mtu anayegusa vya watu. Akafika kwa wa tatu, akamshika mkia. Wa tano akamfungua mdomo, akakunja uso. Alipofika kwa wa tisa mgongo ulikuwa umenyooka, na sauti iliyotoka ilisikika mpaka joshoni.

"Huyu hapana! Huyu ana pembe moja na meno ya bibi! Mnadhani binti yangu nimemwokota? Rudisheni!"

"Pembe moja inakuhusu nini, unakamua pembe?" Mniko akaruka, uso umejaa furaha, fimbo juu.

"Rudisha, nimesema!"

"Hatoki!"

"Atatoka!"

Na Mokami, katikati ya vumbi na ugomvi ule, akatupa kichwa nyuma akapiga vigelegele.